Jina Lako Limekwisha Kuitwa



Wanamuziki wa Kinshasa wana desturi iitwayo libanga, neno la Kilingala lenye maana ya jiwe. Katikati ya wimbo mwimbaji hurusha jiwe lake: hulitaja jina la mtu fulani, awe tajiri, mkubwa wa serikali ama kijana aliyehamia Ulaya, na mara nyingi mtu huyo amelipa ili atajwe. Wimbo unapigwa katika baa, arusini, ndani ya teksi, na jina linasafiri pamoja nao. Aliyetajwa hujiona amekuwa mtu. Kisha wimbo mpya hutoka, wenye majina mapya yaliyolipiwa upya, na yule wa jana hana budi kufungua tena mfuko wake, la sivyo atasahauliwa.

Tusiwahukumu watu hao haraka. Wengi wetu hatuna pesa ya kumlipa mwimbaji, lakini libanga tunalitafuta kila siku, nasi tunalilipa kwa mali nyingine. Kijana anakopa nguo ya kuvaa arusini ili wenzake wasimdharau. Binti anaweka picha yake kwenye Facebook asubuhi, na mpaka jioni anahesabu mioyo na vidole gumba, akihuzunika kwa ajili ya kila rafiki aliyepita bila kuacha alama. Mwanafunzi anawacheka wanaosali rozari, ingawa nyumbani anaisali, kwa sababu shuleni wanaosali huitwa washamba. Mwingine anaingia katika kundi la walevi, au la wenye silaha, wala si kwa kupenda pombe au bunduki, bali kwa sababu huko, kwa mara ya kwanza, alisikia jina lake likitajwa kwa heshima.

Maandishi haya yanatetea jambo moja, nayo hayataki kulilainisha. Anayeitafuta furaha yake midomoni mwa watu hataipata, hata kama hakosi Misa ya Dominika. Naye aliyempokea Kristo kwa imani amekwisha kupewa bure kile ambacho wengine wanakinunua kila siku na kulala bila kukipata.

Tuanze na sababu. Mtakatifu Thomaso wa Akwino, katika kitabu chake kikuu cha teolojia, aliuliza kwa utaratibu heri ya mtu inakaa wapi. Alipima mali, akapima heshima, akapima sifa, akapima utawala, akavikataa kimoja kimoja. Kuhusu heshima alionyesha kwamba mtu huheshimiwa kwa ajili ya wema fulani uliomo ndani yake tayari. Kumbe heshima ni dalili ya wema, nayo dalili haiwezi kuwa ndiyo wema wenyewe. Moshi ni dalili ya moto, lakini hakuna mama anayepika bugali juu ya moshi.

Kuhusu sifa Thomaso alikwenda mbali zaidi. Binadamu wanapotujua, maarifa yao yanafuata kile kilichokwisha kuwapo, na mara nyingi yanakosea. Mungu anapotujua, maarifa yake ndiyo chanzo cha wema tulio nao. Hapa pana tofauti kubwa ambayo kijana mkristo anapaswa kuishika maisha yake yote. Watu elfu wakikuita mwaminifu, na wewe ni mwizi, umebaki mwizi. Watu elfu wakikuita mwizi, na wewe hukuiba, mikono yako imebaki safi. Makofi yao hayakuongezei kitu ndani, na matusi yao hayakupunguzii. Bali Mungu akikutazama kwa upendo, mtazamo wake unakujenga, kwa kuwa yeye ni Muumba.

Injili yenyewe inasema jambo zito kuliko hilo. Katika sura ya tano ya Yohane, Bwana Yesu anawauliza wapinzani wake watawezaje kuamini, wakati wanapeana utukufu wao kwa wao na kuuacha utukufu utokao kwa Mungu. Tuangalie vizuri swali hilo. Hawaonyi tu kwamba wana majivuno. Anawaonyesha kwamba kiu ya kusifiwa inaziba mlango wa imani yenyewe. Na sura ya kumi na mbili inatupatia mfano: wapo wakubwa wengi waliomwamini Yesu mioyoni mwao, lakini hawakukiri, kwa kuwa waliogopa kufukuzwa katika sinagogi. Mwinjili anaeleza sababu bila kuficha: waliupenda utukufu wa watu kuliko ule wa Mungu. Hao hawakuwa wapagani. Walikuwa na imani, wakaiua kwa woga wa kusemwa.

Tunajua pia mwisho wa njia hiyo. Pilato alikwisha kutambua kwamba Yesu hakuwa na kosa, lakini Marko anatuambia kwamba alitaka kuuridhisha umati. Mtu mmoja alitaka kupendwa na watu asubuhi moja, na Mwenye haki akapelekwa msalabani. Tusidhani, basi, kwamba kutafuta kusifiwa ni udhaifu mdogo wa vijana utakaokwisha wenyewe wakikomaa. Kijana aliyezoea kuuliza watu watasema nini, kesho atakuwa hakimu, mwalimu, mganga, askari, mkaguzi wa mpakani. Siku hiyo wengine ndio watakaolipa gharama ya swali lake.

Najua yatakayojibiwa. La kwanza: wazee wetu walisema mtu ni watu. Je, si kweli kwamba peke yake mtu hawi kitu? Ni kweli kabisa, na Kanisa ni la kwanza kukubali. Hatubatizwi ili tukae pangoni. Tunabatizwa ndani ya familia kubwa, na ndiyo maana tuna parokia, tuna jumuiya hai, tuna vikundi vya vijana. Lakini wazee walisema mtu ni watu. Hawakusema mtu ni makofi. Mama anayekupenda anaweza kukukaripia mbele ya wageni na kukupikia jioni ileile. Umati unaokushangilia hauwezi kukukaripia, maana haukujui, wala hauna haja ya wokovu wako. Mtume Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, kwa sababu Petro, kwa kuwaogopa watu fulani, aliacha kula pamoja na wakristo waliotoka katika mataifa. Tazama: hata Petro, aliyekwisha kupokea Roho Mtakatifu, alishikwa na woga huo. Aliyemsaidia siku ile alikuwa ndugu mwenye ujasiri wa kutomfurahisha. Kama katika kikundi chako hakuna hata mmoja anayeweza kukwambia umekosea, jua kwamba una watazamaji tu, huna bado ndugu.

La pili: je, jina jema si mali? Kijana asiye na kazi, atapataje kazi ikiwa hajulikani? Nakubali tena. Kitabu cha Mithali kinaliweka jina jema juu ya utajiri mwingi. Lakini jina jema na sifa ni vitu viwili. Jina jema hukua polepole kama muhindi shambani, juu ya ukweli wa matendo, hata mwenye shamba akiwa amelala. Sifa inaweza kununuliwa leo jioni. Anayelinda jina jema hukataa rushwa. Anayelinda sifa huipokea, kisha hununua nayo karamu ya kuwaalika wale watakaomsifu.

La tatu ndilo gumu kuliko yote. Vijana wengine husema: mnatuhubiria furaha, lakini mifano mnayotuletea ni ya watu waliouawa. Furaha gani hiyo? Swali hilo ni halali, nalo halijibiwi kwa maneno matamu. Nalijibu kwa maisha ya kijana mmoja wa Goma.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mlei kama sisi, mtu wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na pamoja na wenzake aliwahudumia watoto wa mitaani, wale ambao mji unawaita maibobo. Alipata kazi katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, na kazi yake ilihusu hasa bidhaa zilizoharibika. Tunajua kazi ya namna hiyo mpakani inaweza kumtajirisha mtu kwa muda mfupi. Mwaka 2007 ulifika mzigo wa vyakula vilivyooza, akatakiwa auache upite. Aliahidiwa pesa, akakataa. Ahadi ikapandishwa, na vitisho vikafuata, akakataa. Alimweleza mtawa mmoja, rafiki yake, jinsi alivyojiuliza kama mtu anayeishi katika Kristo anaweza kukubali watu waliwe na sumu ili yeye apate pesa. Tarehe 7 Julai alitekwa, na baada ya siku mbili maiti yake ikapatikana. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Sasa tutafakari. Ni nani aliyempigia makofi siku aliposema hapana? Familia ambazo hazikuugua juma lile hazikujua kwamba mtu fulani amezikinga. Hakuna aliyemtaja katika wimbo. Machoni pa wenye kuijua njia ya mkato, kijana anayekataa pesa kama zile ni mjinga asiyejua kuishi. Kama Floribert angekuwa na njaa ya kusifiwa, angepitisha mzigo ule, kwa kuwa pesa zake zingemnunulia marafiki wengi. Aliweza kukataa kwa sababu alikuwa ameshiba mahali pengine. Alishiba katika sala, katika Neno la Mungu, na katika urafiki na watoto wasio na sifa ya kumuuzia mtu. Bwana Yesu alifundisha kwamba tunapoandaa karamu tuwaalike maskini, vilema na vipofu, kwa sababu hao hawana cha kuturudishia. Floribert alilishika fundisho hilo kabla ya siku ya majaribu, na siku ilipofika alimkuta mtu aliye huru.

Huo uhuru ndio ninaouita furaha. Sisemi kwamba hakuogopa. Furaha ya kikristo haiondoi maumivu, wala haimgeuzi mtu kuwa jiwe. Nasema kwamba palikuwa ndani yake kitu ambacho dola hazikuweza kukinunua, vitisho havikuweza kukivunja, na kifo hakikuweza kukizika. Papa Fransisko alipokutana na vijana katika Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, aliwawekea mbele jina la Floribert alipowahimiza wakatae ufisadi. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri mjini Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Kati ya kifo na tangazo hilo ilipita karibu miaka 18. Tusiigeuze, basi, heshima hiyo ya Kanisa kuwa libanga jipya, kana kwamba Floribert alikufa ili picha yake ibebwe katika maandamano. Mwenye kuhitaji kusifiwa asingeweza kungoja miaka 18 ndani ya kaburi.

Wala Floribert si wa kwanza nchini mwetu. Mwenyeheri Isidori Bakanja, kijana mfanyakazi aliyebatizwa mwaka 1906, aliagizwa na msimamizi mzungu wa shamba avue skapulari yake na aache kufundisha wenzake sala. Angeivua, angesifiwa kuwa mfanyakazi mtiifu. Hakuivua. Alichapwa kikatili, akateseka miezi mingi kwa majeraha yaliyooza, akafa tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyemtesa. Tafakari neno hilo la kusamehe. Anayeishi kwa sifa hawezi kusamehe, maana kila dharau ni wizi kwake. Isidori aliweza, kwa sababu kilicho chake hakikuwa mikononi mwa yule mzungu.

Lakini sitakuwa mkweli nikiwashutumu wanamuziki na wakubwa, na kuiacha parokia. Libanga limeingia hadi chini ya altare. Kwaya mbili zinagombana kuhusu nani ataimba siku ya Pasaka, na zote mbili zinasema zinamwimbia Mungu mmoja. Mtoaji wa sadaka anakasirika jina lake lisiposomwa. Kikundi cha vijana kinapeleka unga na sabuni kwa wakimbizi wa vita, na kabla gunia halijafunguliwa simu zimeinuliwa. Mama aliyepoteza nyumba yake anaambiwa asogee kidogo na atabasamu ili picha itoke vizuri. Ndugu zangu, mama huyo amelipishwa. Tumempa unga, tukamnyang'anya heshima yake ili tupate vidole gumba. Kuhusu sadaka ya namna hiyo Bwana amekwisha kusema katika sura ya sita ya Matayo kwamba wenye kuitoa wamekwisha kupokea mshahara wao. Hakuna salio mbinguni.

Upo pia upotovu mwingine unaovaa vazi la imani. Tunasikia sala na shuhuda nyingi, hata miongoni mwetu, ambamo Mungu anaombwa ampandishe mtu ili adui zake waone, waliomcheka waaibike, majirani washangae gari lililosimama mbele ya nyumba. Anayesali hivyo hajaacha kutafuta sifa za watu. Amemfanya Mungu kuwa mwimbaji wake, na sala imekuwa malipo ya kutajwa. Imani ya namna hiyo itaanguka siku gari lisipokuja. Kristo hakutuahidi kwamba waliotucheka watatushangilia. Alituonya, katika Injili ya Luka, tuogope siku ambayo watu wote watatusifu.

Basi, furaha ya kudumu inatoka wapi? Turudi mtoni Yordani. Yesu anabatizwa, na sauti ya Baba inamwita Mwana mpendwa ambaye Baba anapendezwa naye. Swali ni hili: hadi saa ile, Yesu alikuwa amefanya nini mbele ya watu? Katika Injili ya Marko hajahubiri bado, hajamponya mkoma, hajalisha umati, hajamwita mtume hata mmoja. Upendo wa Baba haukuja kama mshahara wa kazi. Kazi yote ilitoka katika upendo huo. Ndiyo maana umati ulipotaka kumfanya mfalme aliweza kuondoka kwenda mlimani peke yake, na umati uleule ulipogeuka aliweza kusimama. Waliomshangilia hawakumpa kitu, nao waliompigia kelele hawakuwa na cha kumnyang'anya.

Nawe ulibatizwa. Siku ile padri aliwauliza wazazi wako wanakupa jina gani, au kama ulibatizwa mkubwa, ulijibu mwenyewe. Jina lako likatamkwa juu ya maji, pamoja na jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kama ulikuwa mtoto mchanga, hukuwa umefaulu mtihani wowote, hukuwa na nguo ya kuonyesha, hukujua kucheza wala kuimba. Uliitwa hivyo hivyo, ukilia. Nabii Isaya anatueleza kwamba Mungu ameyachora majina ya watu wake katika viganja vya mikono yake. Wimbo wa mwaka huu utasahauliwa mwaka ujao. Jina lililochorwa hapo halifutwi, kwa kuwa viganja hivyo vilipokea misumari.

Imani maana yake ni kukubali kwamba hilo limetosha. Ni rahisi kulisema, ni kazi ya maisha kuliishi. Ndiyo maana tunahitaji sala kila asubuhi kabla ya kufungua simu, ili sauti ya kwanza ya siku iwe ya Baba. Tunahitaji Ekaristi, ambamo Kristo anajitoa bila kujionyesha, katika mkate mdogo usiovutia macho. Tunahitaji Kitubio, ambamo mtu mmoja anasikia ubaya wetu wote na jibu linalotufikia ni msamaha. Nani aliyeonja hilo ataendelea kuogopa kujulikana? Na tunahitaji mazoezi ya kukataa katika mambo madogo: kukataa kuiga mtihani hata darasa zima likiiga, kukataa kumcheka anayechekwa, kukataa kundi linalotuita mashujaa kwa sababu ya bunduki. Floribert hakujifunzia hapana yake mpakani. Aliifika nayo.

Napendekeza, basi, tendo moja kwa kila kikundi kitakachosoma maneno haya. Juma hili kila mmoja atende jema moja kwa mtu asiyeweza kumrudishia, mahali ambapo hakuna atakayeona: kuchotea maji mzee asiye na mtoto, kulipa deni dogo la mwenzake kwa mkono wa mtu mwingine, kukaa saa moja na mgonjwa asiye na wageni. Bila picha. Bila kumwambia hata rafiki. Na mtakapokutana tena juma lijalo, kiongozi asiulize nani alifanya nini. Salini pamoja, imbeni, mwende nyumbani.